Siku Marehemu Walipokwenda Kumwona Daktari

Nimezaliwa Tabora, kwenye njia ambayo misafara ya zamani ilipitisha chumvi ya Uvinza, na nadhani nyingine ilimwagika mlangoni kwetu. Kwa hiyo msomaji akiona habari hii imekolea, asinilaumu mimi, ailaumu njia. Kiini chake ni kweli. Nimeishi katika nchi ambayo watu waliokufa kwa homa waliamka asubuhi, wakanywa uji, wakafunga safari kwa miguu mpaka Boma kumwambia daktari kwamba bado wapo. Mimi nilikuwa mbele yao nikisukuma baiskeli, na nilikuwa na sababu nzito ya kutaka wafike wakiwa wazima. Nilitaka kuoa.

Huo ulikuwa wakati wa Mwingereza, na mimi nilikuwa karani wa afya. Elimu yangu niliipata gizani. Mchana nilifagia bohari ya dawa, jioni nikaenda darasa la watu wazima pale Chemchem, ambako taa moja ya chemli ilitosha watu wa mbele, na sisi wa nyuma tulisoma kwa kukisia. Mpaka leo nikiona herufi mchana kweupe huwa zinanishangaza kwa unono wake. Lakini nilifaulu, na katika yote niliyofundishwa, kimoja nilikipenda kuliko pilau: kuchora mstari unaopanda na kushuka. Mwalimu alituchorea bei ya karanga kwa mwaka mzima, ikapanda masika na kushuka wakati wa mavuno, nami nikahisi nimefunuliwa siri ya dunia. Nikaanza kuchora kila kitu. Nilichora hasira za mama yangu. Zilipanda kila Jumapili, nikakaa nikafikiri, nikagundua kwamba Jumapili ndiyo siku niliyokuwa nakwenda kula kwake.

Basi ikaja kidinga popo. Homa hiyo watu wa pwani waliijua tangu zamani na jina ni lao. Kwetu ilikuja na treni, daraja la tatu, bila tikiti. Ilianza kwa watu wa stesheni, ikaenda sokoni, halafu ikashuka kwenye ile barabara ya zamani ya misafara, ikawa inapita kijiji kwa kijiji kama vile na yenyewe imebeba pembe za ndovu. Mtu akiamka nayo, macho yanauma hata kuyageuza, kichwa kinapigwa nyundo, na mifupa yote inadai kwamba imevunjwa. Baadaye ngozi inatoka harara. Wanyamwezi tuliita homa ya mpagazi, kwa sababu aliyeipata alitembea ameinama kama babu zetu walipokuwa na mzigo mabegani. Nami niliugua. Niliwaambia watu kwamba nilihesabu mifupa yangu yote kwa maumivu, na kwamba nina mingi kuliko binadamu wa kawaida.

Daktari wa wilaya alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, anayesema Kiswahili safi cha kitabuni. Alitaka kujua homa imefika wapi, inaongezeka au inapungua, na inaua wangapi. Akabandika ramani ya jimbo ukutani. Pini za ofisi ziliisha mapema, nikamletea miiba ya mgunga, ambayo nchi yetu haijawahi kupungukiwa. Mwiba mweupe ulikuwa kundi la wagonjwa. Mwiba uliochovywa wino ulikuwa mtu aliyekufa. Haukupita muda ramani ikawa kama nungunungu aliyekasirika, na mfagiaji akakataa kupita karibu nayo.

Habari zililetwa na matarishi wa wanangwa, yaani wakuu wa vijiji. Wengi wa wanangwa hao hawakujua kuandika, kwa hiyo tuliwapa kila mmoja kibuyu. Mgonjwa mmoja, punje ya mahindi. Aliyekufa, karanga moja. Tarishi anakuja na kibuyu kila Jumatatu, ninakimwaga mezani, ninahesabu, ninachoma miiba, ninachora mstari wangu. Majuma ya kwanza mstari wa vifo ulilala chini kabisa, umenyooka, nami nikatembea mji mzima nikijisifu kwa afya ya jimbo. Siku moja tarishi wa kutoka upande wa Ziba alifika na maganda ya karanga kwenye ndevu.

Nikamwuliza, "Bwana, hiki kibuyu kilikuwa na karanga?"

"Kilikuwa nazo kidogo."

"Ziko wapi?"

"Njia ni ndefu, karani," akasema. "Na zilikuwa zimekaangwa."

Tangu siku hiyo tukabadili, tukaweka mbegu za mbarika, zile za mafuta ya kuharisha. Ukitafuna mbegu ya mbarika mara moja, huhitaji kuonywa mara ya pili. Vibuyu vikafika na vifo vyake vyote ndani.

Hapo ndipo mstari ulipoanza kupanda. Upande wa magharibi ulipanda kidogo na kutulia. Upande wa Nzega vivyo hivyo. Lakini kwenye barabara ya zamani, upande wa mashariki, miiba myeusi ilisimama imejipanga kama uzio wa boma la ng'ombe. Mstari wangu ulipanda kama ngazi ya mrina asali kwenye mninga, na kila Jumatatu uliongeza kidato.

Asubuhi moja daktari aliniita mbele ya ramani.

"Karani, unaona barabara hii?"

"Naiona, Bwana Daktari."

"Wagonjwa wake ni sawa na kwingine. Wanaokufa ndio wengi. Kidinga humlaza mtu, humtesa, lakini mara nyingi humwachia. Hakiui namna hii. Ama imeingia homa nyingine nyuma yake, ama mimi sijui kazi yangu."

Nikasema kazi anaijua. Haikumfurahisha.

"Nitamwandikia Bwana Shauri atoe amri ya serikali," akasema. "Barabara yote ile hakuna mnada, hakuna ngoma, hakuna harusi, mpaka mvua ziishe."

"Mvua hazijaanza, Bwana Daktari."

"Najua."

Sasa naomba msomaji anionee huruma. Mchumba wangu alikuwa wa kijiji kimojawapo cha barabara ile, mwendo wa kutwa kwa baiskeli. Harusi yetu ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza ni mimi, nilitaka nimalize mtihani wa darasa la jioni ili nioe nikiwa na cheti. Mara ya pili mvua ilibomoa nyumba niliyokuwa nimeijenga, na mchumba wangu akanitumia salamu kwamba anataka mume anayejua kuchora ukuta ulionyooka, siyo mistari tu. Baba mkwe, mrina asali mwenye mizinga porini kuliko nyota angani, alikuwa ameshatenga asali ya kupikia kangara, pombe ya harusi. Aliniambia kwa sauti ya chini, na yeye akisema kwa sauti ya chini ndipo watu hukimbia, kwamba mara ya tatu hakuna. Kulikuwa na karani wa stesheni, mtu mwenye saa ya mnyororo, ambaye alikuwa anakuja kununua asali pale mara nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula asali.

Nikamwambia daktari, "Nipe mpaka Jumatatu. Niende nikaone kwa macho yangu."

Alijua habari za harusi yangu, maana hakukuwa na mtu Tabora ambaye sikumwambia.

"Uniletee ukweli," akasema. "Hata kama hautakupendeza."

Nikaondoka alfajiri. Baiskeli ya serikali ilikuwa nzito kiasi kwamba kwenye mchanga haikujulikana nani amempanda mwenzake. Mchana gurudumu la nyuma likapasuka, nikalijaza majani makavu kama tulivyozoea, nikaendelea nikitikiswa mpaka meno yakabadilishana nafasi. Njiani nilipanga hotuba ya kumwambia baba mkwe. Kila nilipopanga, niliona saa ya mnyororo ikining'inia mbele yangu.

Kijiji kile kilikaa pande mbili za barabara. Upande wa kushoto ni Wanyamwezi, ndio wakwe zangu. Upande wa kulia ni Wazaramo, wajukuu wa watu waliokuja na misafara kutoka pwani, wakaonja wali wa Tabora, wakasema watarudi kesho, na hiyo kesho haijafika. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi hizo za mizigo. Tunatukanana, tunanyang'anyana kofia, tunazikana. Nilipoingia kijijini jioni ile, sikukumbuka utani wowote. Niliona makaburi.

Mbele ya nyumba ya kwanza upande wa kushoto palikuwa na tuta la udongo mbichi, refu kama mtu, limewekewa matawi. Nyumba ya pili tuta. Ya tatu hapana, ya nne tuta. Nikavua kofia. Kila hatua niliona harusi yangu ikifukiwa, halafu nikaona haya kwa kufikiria harusi mbele ya misiba ya watu, halafu nikaifikiria tena. Nikafika kwa wakwe zangu. Mbele ya mlango palikuwa na tuta kubwa kuliko yote, na juu yake wameweka shoka la kuchongea mizinga, kamba ya kupandia miti, na kile kienge cha kufukizia nyuki moshi. Vitu vya baba mkwe, ninavyovijua.

Nikakaa palepale, kwenye udongo, nikaanza kulia, na kwa kuwa mimi sifanyi jambo kwa kiasi, nililia mpaka mbuzi wakaondoka.

Mchumba wangu akatoka ndani na kata ya uji mkononi. Akanitazama, akatazama tuta.

"Ondoka hapo," akasema. "Umemkalia baba."

Ndani ya nyumba sauti ikauliza, "Ni nani huyo anapiga kelele?"

"Ni karani, baba."

"Mwambie aingie. Mimi siwezi kutoka, nimekufa."

Niliingia nikiwa nimejikunja, nusu kwa heshima ya mkwe na nusu kwa woga. Alikuwa ameketi kitandani, mzima, amekonda kidogo kwa homa, na kwapani amebana jogoo mwekundu ambaye nilimtambua maana aliwahi kunidonoa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani amekwambia ulie vile? Wale ng'ambo wakisikia watasema wameongezewa msiba, waje tena."

Ndipo nikaelezwa. Homa ilipoingia, Wazaramo waliugua kwanza na kupona kwanza. Walipotazama ng'ambo ya barabara waliona watani wao Wanyamwezi bado wamelala, homa imeshatoka, lakini wanaugulia kwa utamu wa kuletewa uji. Kiongozi wa watani wale alikuwa bibi mmoja Mzaramo, muuza vitumbua, mnene, mwenye sauti ya kuita treni. Akakusanya wenzake. Wakavuka barabara wakilia kilio kamili cha msiba, wameweka mikono kichwani, wakamwomboleza Mnyamwezi wa kwanza akiwa kitandani anawatazama. Wakachimba mbele ya mlango wake. Wakaweka jembe lake juu ya tuta. Wakaanza kugawana sufuria zake. Yule bwana akaruka kitandani kuokoa sufuria, na hapo hapo akaonekana amepona. Kumfufua ni kuku mmoja. Akatoa kuku, tuta likasawazishwa. Kesho yake wakaenda nyumba nyingine. Jambo lilikuwa tamu mno kubaki katika kijiji kimoja. Kila kijiji cha barabara ile kina pande mbili, na kila upande una watani, kwa hiyo kilio kikaenda kijiji kwa kijiji, nyuma tu ya homa.

"Na wewe, baba," nikauliza, "kwa nini hujafufuka?"

"Nimwachie yule mama jogoo huyu?" Akamkumbatia. "Bora nibaki kaburini."

Alikuwa na majuma mawili hajatoka nje mchana, kwa kuwa maiti haionekani barabarani. Mizinga yake ilikuwa inarinwa na shemeji zangu, vibaya. Na asali ya kangara ilikuwa bado imekaa kwenye mitungi, haijaguswa, kwa sababu nani anapika kangara katika nyumba yenye msiba?

Kabla ya kwenda kwa mwanangwa nilitaka kuziba gurudumu. Mchumba wangu akaniletea karai la maji, nikazamisha mpira, nikaona mapovu yanapotoka, nikabandika kiraka. Karai nikalisogeza nyuma ya ukuta wa jiko. Naomba msomaji alikumbuke karai hilo.

Mwanangwa alikaa mwisho wa kijiji, mzee mnyoofu, na yeye alikuwa ameugua vibaya, hajatoka nje kwa muda mrefu. Kibuyu kilikuwa kando ya kitanda chake.

"Mwadila, mzee," nikamsalimu kikwetu. Akaitika. Nikamwuliza mbegu za mbarika amezipataje.

"Nasikia kilio, natia mbegu," akasema. "Daktari si ndivyo alivyotaka?"

"Hukuuliza nani amekufa?"

"Nilimtuma tarishi. Akaja akasema wanalia kwa fulani, kaburi limechimbwa. Nikatia."

"Lakini hukuuliza kama ni msiba kweli, mzee?"

Akainuka kwa kiwiko, amekasirika. "Wewe umesoma. Ukimkuta mtu analia msibani, utamwuliza kama analia kweli?"

Nilijua kwamba nisingeuliza, na hakuna mtu kwetu ambaye angeuliza. Mzee hakukosea hata mbegu moja. Alisikia kilio, na kilio kilikuwako.

Jambo likabaki moja. Daktari alitaka ukweli, na mimi nikirudi peke yangu, bwana harusi, na habari kwamba watu wote waliokufa ni wazima, hata mimi nisingejiamini. Ilibidi wenyewe waende. Asubuhi nikavuka barabara kwa yule bibi, nikamkuta na kikaango chake cha vitumbua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtumwa wangu. Umekuja kununua, au umekuja kufa?"

Nikamweleza habari za ramani, miiba na amri inayokuja. Nilipofika hapo pa mnada kufungwa, aliacha kugeuza vitumbua.

"Kwa hiyo daktari ameandika kwamba nimeua watu?"

"Ameandika kwamba wamekufa."

"Wote?"

"Wote uliowalilia."

Akacheka mpaka benchi likaomba msaada. Halafu akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na kaburi moja, limekwisha kukauka, limezungushiwa mawe vizuri.

"Huyu usimfute," akasema. "Huyu ni mume wangu. Homa ilimkuta mzee, haikumwacha. Wanyamwezi ndio waliochimba. Baba mkwe wako alikuja hapa ananiambia mzee ametoroka kwa sababu ya vitumbua vyangu, mpaka nikacheka nikiwa nimevaa kaniki ya msiba." Akafuta uso kwa upindo wa khanga. "Sasa twende tukawafufue hao wavivu."

Waliolipa kuku wao walikubali kwenda mara moja. Walikuwa na hamu ya kuona jinsi walivyochorwa. Wagumu walikuwa wale wenye matuta, na mkubwa wao alikuwa baba mkwe. Bibi alisimama mlangoni.

"Maiti haisafiri bila ruhusa ya wenye maiti," akasema. "Nataka jogoo."

"Nitakwenda bila ruhusa," baba mkwe akajibu kutoka ndani.

"Ukitoka nje ya mlango huu tutalia upya. Mwanangwa atatia mbegu nyingine. Utakuwa umekufa mara mbili, na daktari atafunga mpaka Dar es Salaam."

Jogoo peke yake ndiye aliyesema neno. Mchumba wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatwanga bila kusema kitu, akaweka mchi chini.

"Baba," akasema, "mimi nimechoka kuwa yatima anayempikia baba yake uji. Mtihani wa huyu nilingoja. Nyumba yake iliyoanguka nilingoja. Sasa nimngoje jogoo?"

Baba mkwe alitoka. Alisimama kwenye jua akikunja macho, akamtazama jogoo usoni kama mtu anayeaga stesheni, akamkabidhi. Watani wakapiga vigelegele, wakasawazisha tuta kwa miguu, na yule bibi akamfunga jogoo kamba ya khanga mguuni, akampakata kama mtoto mchanga.

Tukaenda. Nimeshasema naongeza, lakini hapa nitapunguza, maana hutaniamini. Marehemu walitangulia, kila mmoja na fimbo yake. Watani wao walifuata nyuma, wakisema hawawezi kuacha maiti zao zipotee mjini. Kila kijiji tulichopita, marehemu wa pale walitoka na watani wao wakajiunga. Mtu mmoja alileta ngoma. Mwingine akaanza wimbo wa kipagazi aliofundishwa na babu yake, wa kujisahaulisha mzigo, na watu ambao mifupa yao ilikuwa inalia majuma machache nyuma wakawa wanatimua vumbi. Tulilala njiani, tukaamka, tukaingia Tabora siku ya pili saa za alasiri. Mji mzima ulitoka milangoni. Mafundi cherehani waliacha nguo kwenye sindano. Karani wa stesheni alikuwa amesimama na saa yake mkononi. Baba mkwe alimpita bila kumsalimu, na nikaona hiyo ni dalili njema.

Daktari alitoka barazani akiwa na peni.

"Hawa ni nani?"

"Ni wale waliokufa, Bwana Daktari. Wa barabara ya mashariki."

Alishuka ngazi polepole. Akamshika baba mkwe mkono, akapima mshipa, akamtazama macho, akampandisha mkono wa shati kuona kama harara imekauka.

"Ulikufa lini?"

"Majuma mawili sasa."

"Kwa ugonjwa gani?"

Baba mkwe akamwonyesha yule bibi kwa kidevu. "Kwa huyu."

Nikamweleza daktari kila kitu, na yule bibi akarekebisha pale nilipozidisha, ambapo palikuwa pengi. Daktari alisikiliza akiwa amefunga mdomo, mashavu yanatetemeka, halafu akaingia ndani ghafla. Tulimsikia kupitia ukutani. Sijawahi kusikia Mwingereza akicheka namna ile; kuku wa Boma waliruka juu ya paa. Aliporudi alikuwa na macho mekundu na adabu zake zote.

Tukaingia kwenye chumba cha ramani. Marehemu walipita mmoja mmoja, kila mtu akanionyesha kijiji chake, nami nikachomoa mwiba nikampa mwenyewe aondoke nao. Wengine waliuchomeka kwenye kofia. Barabara ya mashariki ikabaki na matundu madogo madogo. Mwishoni ulisimama mwiba mweusi mmoja. Yule bibi akauliza ule ni wa nani, nikamwambia. Akaugusa kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu, usimchome.

"Mwacheni hapo," akasema.

Kabla hajatoka akamgeukia daktari. "Na homa hii inaletwa na nini hasa? Maana mumeo akifa unataka kujua."

Daktari akamweleza kwamba ni mbu wa mchana, mwenye madoadoa, ambaye hapendi mabwawa. Anapenda maji masafi ya nyumbani: mtungi usiofunikwa, pipa, debe la nyuma ya nyumba. Hapo ndipo viluwiluwi wanapocheza.

Bibi akafikiri. "Kwa hiyo mwenye kuacha mtungi wazi anamtia jirani yake homa?"

"Anamtia, ndiyo."

"Basi huyo tutamzika."

Daktari aliniangalia, nami nikamwangalia. Ile barua ya Bwana Shauri haikupelekwa. Badala yake yule bibi na watani wenzake, wa pande zote mbili, walianza kupita nyumba kwa nyumba wakichungulia mitungi. Ukikutwa na viluwiluwi, kilio kinaanza, jembe linashika udongo, na kuku wako anakwenda. Serikali ingepiga faini na watu wangeficha mitungi. Mtani humfichi kitu. Kila Jumatatu punje za mahindi kibuyuni zilipungua, na mstari wangu ukateremka vizuri kama mtu anayeshuka mtini na asali. Mwanangwa naye akapewa neno jipya: akisikia kilio, angoje kwanza; akimwona kuku, asitie mbegu.

Harusi ikafungwa kwa padri asubuhi, na mchana tulirudi nyumbani kwa wakwe. Kangara ilikuwa imeiva, watu wa pande mbili za barabara wamekaa mchanganyiko, mchumba wangu, mke wangu sasa, ameketi kando yangu amenyamaza kama maharusi wanavyotakiwa. Nilikuwa katikati ya hotuba juu ya usafi wa mazingira. Mimi ndiye karani wa afya, niliona inafaa. Nikasikia kilio kutoka nyuma ya jiko.

Yule bibi alitokea amebeba karai. Lilikuwa na maji yaleyale niliyozibia gurudumu, yamenyeshewa na kuongezeka kidogo, na ndani yake viluwiluwi walikuwa wanacheza ngoma kuliko wageni.

"Karai la nani hili?" akauliza.

Wageni wote wakanigeukia. Baba mkwe hawezi kumtania mkwewe, ni mwiko, akatazama juu kabisa kwenye matawi ya mti uliotutia kivuli. Lakini akasema, kama anayezungumza na ndege, "Jembe liko nyuma ya mlango."

Wakanizika. Walinilaza kwenye shimo fupi mbele ya mlango na suti yangu ya harusi, wakaniwekea kalamu kifuani na pampu ya baiskeli juu ya tumbo, wakalia kwa nguvu mpaka padri, aliyekwisha kula na kuaga, akarudi kutazama. Niliona anga, na nyuso zikining'inia kulizunguka, na daktari, ambaye alialikwa, amejifunika uso kwa kofia yake.

"Mjane yuko wapi?" bibi akauliza. "Anamtaka, au tugawane?"

Mke wangu alisimama, akajipangusa, akaenda moja kwa moja kwenye zawadi. Pale kulikuwa na jogoo mwekundu, amefungwa kamba ya khanga mguuni; bibi hakumla, alimlisha mpaka akanenepa na asubuhi ile alimleta kwetu kama zawadi ya harusi. Mke wangu alimnyanyua. Baba mkwe akasema "Siyo huyo" kwa sauti ya chini sana, na safari hii hakuna aliyekimbia.

Bibi akampokea jogoo kwa mara ya pili. Mke wangu akainama, akanipa mkono, akanivuta kutoka kaburini na udongo wangu wote.

"Amka," akasema. "Kamwage lile karai."

Nikaenda nikalimwaga, watu wote wakitazama, nikalifunika kifudifudi kwenye jua.